Siku Sita Kwenye Ziwa la Mlimani: Daftari la Mpiga Picha wa Ridhaa

Siku ya kwanza: Kupanda

Tuliondoka kabla jua halijakolea, mimi na mdogo wangu wa kike, kuelekea ziwa lililo juu mlimani ambalo nimelitamani kwa muda mrefu. Yeye alikuja kutembea. Mimi nilikuja kupiga picha za mandhari, shughuli ninayoifanya kwa mapenzi tu, bila malipo, kwa mwaka wa tisa sasa. Jana usiku nililipima begi langu nikakuta lina kilo 11. Ndani yake kulikuwa na kamera moja, lenzi pana ya milimita 16 hadi 35, lenzi ya kati ya milimita 24 hadi 70, lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200, lenzi ndogo ya milimita 50 isiyo na zumu, filta nne, betri tatu, tripodi, vitambaa vya kufutia vioo, koti la mvua na maji. Niliviorodhesha vyote katika daftari kwa sababu safari hii nimejiwekea kazi moja: kila jioni niandike ni kifaa gani kilitoka begini, kilitoka kwa ajili ya picha ipi, na kama picha hiyo ingewezekana bila kifaa hicho.

Jambo la kwanza la kuandika lilikuja mapema kuliko nilivyotarajia. Alasiri, tulipokuwa tumefika karibu nusu ya njia, mawingu yalipasuka upande wa magharibi na mwale mmoja wa jua ukaangukia mteremko uliokuwa mbele yetu, ukawa unasogea polepole juu ya nyasi kama mtu anayepitisha taa ukutani. Nilitua begi, nikalifungua, nikaitoa kamera, kisha nikaanza kujiuliza kama mwale ule unahitaji lenzi ya kati au lenzi ndefu. Nikaamua lenzi ndefu. Nilipomaliza kuifunga, mteremko wote ulikuwa umerudi katika kivuli.

"Kaka, mbona hukupiga?" mdogo wangu aliuliza, na sikuwa na jibu la kumpa.

Nimelifikiria jambo hilo jioni nzima hapa kambini. Wapo watakaosema kosa langu ni kuwa na lenzi nyingi, lakini sidhani kwamba hilo ndilo lililonikosesha picha. Kosa langu lilikuwa kuahirisha uamuzi hadi dakika ambayo hapakuwa na nafasi ya kuamua. Kesho kamera itakaa begani na si begini, ikiwa na lenzi moja niliyoichagua kabla ya kutoka hemani, na nyingine zitangoja zamu yao.

Siku ya pili: Ziwani kabla ya alfajiri

Niliamka saa moja na nusu kabla ya jua kuchomoza, nikatembea hadi ukingoni mwa ziwa kwa taa ya kichwani. Taa hiyo ina uzito usiofika gramu 100, na sikuwa nimeiandika katika orodha kwa kuwa sikuihesabu kuwa kifaa cha kupigia picha, nimeiongeza leo. Bila taa hiyo nisingefika pale kwa wakati, na kwa mtu wa mandhari, kufika kwa wakati ni nusu ya kazi.

Saa hiyo, jua likiwa bado chini ya upeo wa macho, anga huwa na buluu nzito ambayo haipatikani mchana. Mchana anga ni buluu kwa sababu hewa hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga kuliko yale marefu. Alfajiri na magharibi mwanga hupita njia ndefu zaidi angani, na tabaka la ozoni hunyonya sehemu ya rangi ya njano na ya machungwa, kwa hiyo buluu inayobaki juu ya kichwa huwa nzito. Mwanga wenyewe ni hafifu, hauna vivuli, na unaenea sawasawa juu ya maji na mawe. Jicho hulizoea giza hilo na kuliona kuwa la kawaida. Kamera huhitaji muda.

Hapo ndipo tripodi ilipolipia uzito wake. Nilitumia lenzi pana ikiwa kwenye milimita 20, tundu la lenzi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), ISO 100, yaani wepesi mdogo wa kunasa mwanga, na shata, pazia la kamera, ikibaki wazi kwa sekunde 30. Mbele kabisa kulikuwa na jiwe jeusi lenye ufa, umbali wa chini kidogo ya mita moja kutoka kwenye lenzi, na nyuma kulikuwa na safu ya vilele, nami nilitaka vyote viwili vionekane kwa ukali. Kwa lenzi ya milimita 20 na tundu la f/11, kwenye sensa (kinasa mwanga kilicho ndani ya kamera) yenye upana wa milimita 36, ukifokasi umbali wa mita 1.2 hivi, kila kitu kuanzia sentimita 60 hadi upeo wa macho hutoka kwa ukali unaokubalika. Zamani nilidhani kwamba usalama uko katika kulibana tundu hadi f/22. Nilikuwa nakosea, kwa kuwa mwanga unapopita kwenye tundu dogo mno hutawanyika kingoni mwake, na picha nzima hulegea, hata ile sehemu ambayo fokasi yake ilikuwa sahihi.

Lakini faida kubwa ya tripodi naiona mahali pengine kabisa. Ikishasimama, miguu yake ikiwa imezama kwenye tope hadi ikagusa kitu kigumu, mimi pia nasimama. Siwezi tena kuzungukazunguka nikipiga ovyo. Nililitazama jiwe lile kwa dakika 15 kabla ya kubonyeza, nikagundua kwamba ufa wake ulielekea kulia huku vilele vikielekea kushoto, na picha ilikuwa inavutwa pande mbili. Niliishusha tripodi sentimita 30 na kuisogeza hatua moja. Ufa ukaingia kwenye maji na kuelekeza jicho kwenye taswira ya kilele iliyolala humo, na picha ikatulia.

Jua lilipokaribia kutoka, tatizo likageuka. Anga likawa na mwanga mwingi kuliko mawe, na hakuna namna moja ya kupima mwanga iliyotosheleza pande zote mbili. Filta yenye nusu nyeusi na nusu angavu imetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo, lakini mpaka wake ni mstari ulionyooka na vilele vya hapa havikunyooka. Ningetia giza kwenye vilele ambavyo ndivyo nilivyovijia. Niliiacha begini, nikapiga fremu mbili bila kuigusa tripodi, moja kwa ajili ya anga na nyingine kwa ajili ya mawe, ili niziunganishe baadaye. Nilihifadhi faili ghafi, kama ninavyofanya daima, kwa maana faili ghafi ya biti 14 hubeba hadi ngazi 16,384 za mwanga katika kila rangi ilhali JPEG ya kawaida hubeba 256, na ukitaka kuinua vivuli baadaye tofauti hiyo huonekana waziwazi. Histogramu, yaani mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga katika picha, niliiamini kuliko skrini. Gizani skrini hung'aa mno, ikamfanya mtu aamini kwamba picha ina mwanga wa kutosha ilhali haina.

Dakika 20 baadaye picha zilianza kutoka zikiwa na utando laini kama moshi. Nilishuku fokasi, nikapoteza fremu tatu kabla sijaiangalia lenzi yenyewe: ilikuwa imejaa umande. Kioo kinachotazama anga wazi alfajiri hupoteza joto haraka, kikafikia baridi ya kutosha kuukamata unyevu wa hewani. Kitambaa kikavu kiliokoa asubuhi hiyo. Katika daftari la leo kitambaa kimepata alama sawa na lenzi pana.

Siku ya tatu: Mvua

Mvua ilinyesha tangu usiku wa manane hadi jioni. Hatukutoka isipokuwa kuchota maji. Nilisafisha lenzi, nikahamisha picha, nikafuta zile tatu za umande, na muda uliobaki niliwaza juu ya jambo linaloniudhi kila ninapozungumza na wapiga picha wenzangu, yaani hesabu ya megapikseli.

Picha kubwa kabisa niliyowahi kuchapisha ina sentimita 60 kwa 40. Kamera yangu ina megapikseli 24, maana yake pikseli 6,000 kwa 4,000, na kwa ukubwa huo wa karatasi kila inchi hupata nukta 254. Anayeitazama picha hiyo ikiwa ukutani, kutoka umbali wa mita moja, hawezi kuzitofautisha nukta hizo. Hesabu hii niliifanya leo kwa kalamu, na naona aibu kidogo kwamba sikuifanya mwaka juzi nilipokuwa nikiwaza usiku na mchana kubadilisha kamera. Ukubwa wa picha iliyokusudiwa ndio unaopaswa kuamua ukubwa wa kamera.

Waliotutangulia walilijua hilo vizuri. Mwaka 1861 Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite, Marekani, na kamera iliyotumia bamba za kioo za inchi 18 kwa 22, akibebewa mizigo na nyumbu, pamoja na dawa zote za kupaka na kusafisha bamba palepale kabla hazijakauka. Ukisikia habari hiyo kwa haraka utaona ni mzigo wa kupita kiasi. Lakini picha zake zilichapishwa kwa kulaza karatasi juu ya bamba lenyewe, kwa hiyo aliyetaka picha kubwa alilazimika kubeba bamba kubwa. Njia nyingine ya kuaminika hakuwa nayo. Miaka mitatu baadaye Rais Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde hilo, na picha za Watkins zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowaonyesha watu wa mbali thamani yake. Kila kilo iliyokuwa mgongoni mwa nyumbu wale ilikuwa na sababu yake. Nimejaribu kuziuliza kilo zangu 11 swali hilohilo, na baadhi yake hazikunijibu.

Siku ya nne: Msituni na kwenye maporomoko

Mvua ilikatika, lakini mawingu yalibaki, na hiyo ndiyo hali niliyoiombea. Msitu unapopigwa jua kali huwa na mabaka meupe na meusi ambayo hakuna sensa inayoyapatanisha vizuri. Chini ya wingu mwanga hutoka kila upande na rangi ya kijani hujitokeza yenyewe. Tulishuka kando ya mto unaotoka ziwani hadi kwenye maporomoko madogo, yapata mita sita kwenda juu.

Hapa filta ya polaraiza ilifanya kazi ambayo kompyuta haiwezi kuifanya baadaye. Majani na mawe yaliyolowa hurudisha mng'ao mweupe wa anga, na mng'ao huo hufunika rangi iliyo chini yake. Ukiizungusha filta polepole huku ukitazama, inafika mahali mng'ao unaondoka na jiwe linaonyesha wekundu wake. Inakula mwanga, kiasi cha hatua moja hadi mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), lakini kwenye maji yanayoanguka hilo lilinifaa kwa kuwa nilihitaji shata ibaki wazi nusu sekunde. Sipendi maporomoko yanayogeuzwa maziwa kwa kuacha shata wazi kwa muda mrefu sana. Nusu sekunde inabakiza nyuzinyuzi za maji, na mtazamaji bado anaona kwamba kuna kitu kizito kinaanguka.

Nilikuwa nimesimamisha tripodi na lenzi pana, nimeingiza kila kitu kilichokuwapo, nikiwa nimeridhika, mdogo wangu alipokuja akasimama nyuma yangu.

"Kaka, hapo unapiga nini?"

"Maporomoko," nikamjibu.

Aliitazama skrini kwa utulivu. "Mimi naona na kisiki, na lile jani kubwa, na anga jeupe pale juu. Maporomoko ni madogo kuliko kisiki."

Alikuwa amesema kweli tupu. Kwa lenzi pana mtu husimama karibu, na kilicho karibu hukua huku kilicho mbali kikionekana kidogo. Ndivyo ilivyonisaidia kwa lile jiwe la ziwani, na ndivyo ilivyoniharibia hapa. Nilitoa lenzi pana, nikafunga ile ya milimita 50, lakini sikubaki pale nilipokuwa. Wengi huamini kwamba lenzi ndiyo inayobadilisha uhusiano wa vitu vya mbele na vya nyuma, kumbe ni mahali unaposimama. Lenzi huamua tu ni kiasi gani cha mwono huo kitaingia kwenye fremu. Nilivuka mawe manne hadi kisiki kikawa nyuma yangu, nikashusha kamera hadi karibu na maji, nikaliondoa anga lote. Yalibaki maji, jiwe jekundu na utando wa kuvu la kijani upande mmoja. Nilipiga fremu tano na nitabakiza moja.

Tangu hapo, kila nikisimamisha tripodi, najiuliza swali lake kabla hajaniuliza.

Siku ya tano: Mwezi

Kesho ni mwezi mpevu, na kwa sababu hiyo leo ndiyo siku niliyoipangia safari nzima. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapotua, na hadi upande juu ya milima nchi huwa imeshaingia giza. Kamera inaona duara jeupe juu ya weusi. Siku moja kabla, mwezi huchomoza kwa wastani dakika 50 mapema, wakati miamba bado ina mwanga wa jua la jioni. Mwezi wenyewe unaangazwa na jua lilelile, kwa hiyo unahitaji mpimo wa mwanga unaokaribiana na wa mchana. Kwa dakika chache tu ardhi na mwezi hulingana.

Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari wa Marekani, alilijua hilo jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, alipoona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, misalaba ya makaburini ikiwa bado inang'aa kwa mwanga wa mwisho wa jua. Hakuipata mita yake ya kupimia mwanga. Alikumbuka kiwango cha mng'ao wa mwezi, mishumaa 250 kwa futi mraba, akakadiria kutokana na hapo, akapata fremu moja. Alipogeuza kishikilio cha filamu ili apige ya pili, mwanga ulikuwa umeondoka kwenye misalaba. Mimi huvutiwa hasa na ile namba aliyokuwa nayo kichwani, ambayo haikuwa na uzito wowote begini.

Ng'ambo ya ziwa kuna mwamba uliosimama peke yake juu ya ukingo wa mlima, upana wake kileleni unakadiriwa mita 10. Mwezi huchukua nusu digrii ya anga, hivyo ili mwamba na mwezi vilingane upana lazima nisimame umbali wa mita 1,100 hivi kutoka kwenye mwamba. Kwa lenzi ya milimita 200 mwezi hauzidi milimita 2 kwenye sensa. Kwa miaka mingi namba hiyo ilinifanya nitamani lenzi ya milimita 600, lakini nilipoiona picha kichwani, mwezi mdogo umekaa kando ya mwamba mdogo, na mlima wote chini yake, nilijua kwamba 200 inatosha.

Niliacha hemani lenzi tatu, filta zote na betri moja. Nilibeba kamera, lenzi ndefu, tripodi, taa, kitambaa na maji. Tulizunguka ziwa kwa mwendo wa saa moja, nikasimama mahali nilipopahesabu.

Mwezi ulitokea mahali pengine. Nilikuwa nimekokotoa kwa upeo wa macho uliolala, nikasahau kwamba mwezi hupanda kwa mshazari, na hadi uvuke ukingo mrefu wa mlima huwa umeshasogea pembeni. Ulijitokeza kulia kwa mwamba, mbali na pale nilipoutarajia, na mwezi husogea upana wake mzima angani kwa takriban dakika mbili. Ili kuurudisha karibu na mwamba nilipaswa kuhama mita 60 hivi kwenda kushoto kwangu, juu ya mawe, na mwanga ukiwa tayari unapanda kuelekea kileleni na kuuacha mteremko gizani.

"Niachie miguu mitatu, wewe shika kamera," mdogo wangu alisema, na akaichukua tripodi ikiwa imefunguliwa vilevile. Tulikimbia. Najua kwa hakika kwamba nikiwa na begi la siku ya kwanza nisingezifika mita zile kwa wakati. Nilifunga kamera, nikazima kitulizi cha lenzi kwa sababu juu ya tripodi kinaweza kutikisa badala ya kutuliza, nikaweka f/8, ISO 100, shata 1/60. Nilipiga fremu sita. Katika tatu za kwanza kilele cha mwamba kina rangi ya kaa la moto na mwezi umekaa upande wake wa kulia, ukiacha nafasi ya anga isiyozidi upana wake. Katika tatu za mwisho mwamba ni wa kijivu.

Tulikaa pale gizani kwa muda mrefu, hatukusema mengi.

Siku ya sita: Kushuka

Asubuhi nilijumlisha daftari. Fremu 212 kwa jumla. Lenzi ya kati, ambayo ndiyo nzito kuliko zote isipokuwa ile ndefu, ilipiga fremu 31 na hakuna hata moja niliyoiwekea alama ya kubakizwa. Filta yenye nusu nyeusi haikutoka kwenye mfuko wake. Lenzi pana, lenzi ya milimita 50, lenzi ndefu, polaraiza, tripodi, taa na kitambaa, kila kimoja kina angalau picha moja ambayo isingekuwapo bila chenyewe. Kwa safari ijayo nimepiga mstari kwenye vitu viwili, na kilo zimeshuka hadi karibu 10.

Tulianza kushuka baada ya ukungu kuinuka. Kamera ilikuwa begani mwangu ikiwa na milimita 50, na karibu na ule mteremko wa siku ya kwanza mdogo wangu aliniomba aibebe. Nikampa. Alitangulia hatua kama 30, kisha akasimama kwenye kona, akapiga goti, akaielekeza kamera bondeni na akabaki hivyo bila kubonyeza. Nilitazama upande aliotazama. Kivuli cha wingu kilikuwa kinavuka nyasi, na nyuma yake mwanga ulikuwa unakuja. Nikatua begi, nikakaa chini nyuma yake, nikangoja pamoja naye.